Kvasi ya Brighton Beach

Kutoka katikati ya Manhattan hadi Brighton Beach ni mwendo wa karibu saa moja kwa treni ya Q, na msafiri asiulale mwendo huo. Treni huvuka Mto East juu ya Daraja la Manhattan, na mkabala wake linaonekana Daraja la Brooklyn na kamba zake za chuma. Baada ya hapo ni Brooklyn yenyewe: mapaa, kuta za matofali, nyua za nyuma zenye miti. Kadiri treni inavyoelekea kusini ndivyo abiria wanavyobadilika. Wenye mikoba ya ofisini wanashuka, wanapanda akina mama wenye vikapu vya magurudumu na wazee wenye kofia za kitambaa. Kiingereza kinapungua ndani ya behewa mpaka kinabaki cha matangazo ya vituo, na Kirusi kinashika nafasi yake. Milango ikifunguka Brighton Beach, upepo wa Atlantiki unaingia na chumvi yake.

Kituo kiko juu ya nguzo za chuma, mtaa uko chini yake. Brighton Beach Avenue ni barabara yenye paa la reli. Kila baada ya dakika chache treni inapita utosini, mazungumzo yanakatika, kisha yanaendelea pale yalipoishia na hakuna anayeona ajabu. Mabango yameandikwa kwa herufi za Kisirili, la duka la dawa, la mwanasheria, la saluni. Matunda yamepangwa nje hadi ukingoni mwa njia ya miguu. Mwanamke anauza pirozhki, maandazi yaliyojazwa kabichi, viazi au nyama. Ndani ya maduka kuna samaki waliokaushwa kwa moshi, soseji za kila unene, mtindi wa aina nyingi, na mapipa ya mboga zilizochachushwa kwa maji ya chumvi: matango, nyanya, kabichi, hata tikiti maji. Katika mtaa huu chachu ndiyo mpishi mkuu, na mimi niliufuata kwa ajili ya kazi yake moja.

Kinywaji cha mkate

Kvasi hutengenezwa kwa mkate. Mkate mweusi wa rai, nafaka jamaa ya ngano inayostahimili baridi kali na udongo hafifu, hukaushwa, hulowekwa katika maji ya moto, kisha maji yake hutiwa sukari kidogo na hamira na kuachwa yachachuke. Kinachopatikana ni kinywaji cha rangi ya kahawia, chenye gesi inayochoma ulimi kidogo, kikali na kitamu kwa pamoja, chenye harufu ya ganda la mkate uliotoka tanuri sasa hivi. Kileo chake ni kidogo mno. Viwango vya Urusi vinataka kisizidi asilimia 1.2. Kwa hiyo watoto hunywa, wazee hunywa, na tangu zamani wavunaji walikinywa shambani. Aliyekulia Songea au Mbeya na kata ya togwa mkononi atakielewa mara moja: nafaka, kimea, subira ya usiku mmoja, na kiu inayokatika.

Umri wake ni mkubwa. Kitabu cha kumbukumbu za kale za Waslavi wa Mashariki, katika habari za mwaka 996, kinasimulia jinsi Mkuu Vladimir wa Kiev alivyowafikiria wagonjwa na maskini wasioweza kufika kwenye ua wake kula. Aliagiza magari yapakiwe mikate, nyama, samaki na matunda, na mapipa, mengine ya kinywaji cha asali na mengine ya kvasi, yazungushwe mjini kuwatafuta wenye shida. Kvasi inaingia katika maandishi kama sadaka, na nimeipenda zaidi kwa sababu hiyo.

Wapo Waafrika Mashariki wanaoijua bila kufika Amerika. Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kilifunguliwa Moscow mwaka 1960, kikapewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata, na kikapokea vijana kutoka nchi zetu. Mtu aliyesoma Urusi zama za Kisovieti anaweza kukusimulia juu ya tangi la manjano lenye magurudumu lililoegeshwa kwenye kona ya mtaa mara tu jua linapopata nguvu, muuzaji mwenye aproni nyeupe, na foleni ya watu wa kila umri. Glasi kubwa ilikuwa kopeki 6, ndogo kopeki 3. Ulikunywa ukiwa umesimama, ukairudisha glasi, ikasuuzwa, ikapewa aliye nyuma yako.

Mtaa uliohuishwa na wageni

Brighton Beach ilianza kama pwani ya starehe. Miaka ya 1870 mfanyabiashara William Engeman aliiendeleza ardhi hii ya mchanga, na jina likaazimwa kutoka mji wa pwani wa Uingereza. Hoteli kubwa ya mbao ilijengwa mbele ya maji. Bahari ikaula ufuko hadi ikatishia misingi ya jengo, na mwaka 1888 hoteli nzima ikainuliwa, ikawekwa juu ya mabehewa na kuvutwa na injini sita za mvuke mpaka mahali salama. Baadaye matajiri walihamia pwani nyingine, ghorofa za matofali zikajengwa, na familia za Kiyahudi zenye asili ya Ulaya Mashariki zikaingia. Kufika miaka ya 1970 vijana wa familia hizo walikuwa wamehama, wazee wamebaki, na vyumba vingi vilikuwa vitupu.

Ndipo milango ya Umoja wa Kisovieti ilipofunguka kidogo. Sheria ya Marekani inayobeba majina ya Seneta Henry Jackson na Mbunge Charles Vanik, iliyotiwa saini Januari 1975, iliwanyima unafuu wa kibiashara watawala waliowazuia raia wao kuhama. Wayahudi wa Kisovieti walitoka kwa maelfu. Wengi walipitia Vienna, wakangojea viza katika miji ya pwani karibu na Roma kama Ladispoli na Ostia, kisha wakatua New York. Wengi wao walikuwa watu wa Odessa, bandari ya Bahari Nyeusi iliyoko Ukraine. Walipotafuta makazi walichagua mahali penye mawimbi, na mtaa ukaitwa Odessa Ndogo. Mgeni njoo mwenyeji apone: vyumba vikapata wapangaji, maduka yakafunguliwa, na wazee waliobaki peke yao wakapata majirani.

Mhamiaji anaweza kubeba picha, vitabu, sufuria, hata mbegu. Kvasi haibebeki. Ni kinywaji kilicho hai. Hamira inaendelea kula sukari na kutoa gesi, bakteria wanaendelea kutia ukali, na baada ya siku kadhaa kilichokuwa kitamu kinaelekea kuwa siki. Ile ya chupa inayovuka bahari hadi kwenye rafu za Brighton Beach kwa kawaida imepashwa moto au kuchujwa ili isiendelee kuchachuka njiani. Inaburudisha, ila imeshatulizwa. Anayetaka kvasi yenyewe hana budi kuitengeneza pale alipo, kwa maji ya pale alipo, na kuinywa pale pale. Kwa sababu hiyo naiona kvasi kuwa kipimo cha makazi. Mpita njia hununua chupa. Anayeweka sufuria ya mkate jikoni usiku ameshaamua kwamba kesho na kesho kutwa atakuwepo.

Jikoni kwa mama wa Odessa

Niliyaona haya katika ghorofa ya juu ya jengo la matofali mekundu, hatua chache kutoka baharini, jikoni kwa mama mmoja mzaliwa wa Odessa. Majirani humwita kwa jina lake likifuatwa na jina la baba yake, kama adabu ya Kirusi inavyotaka kwa mtu mzima. Mimi, kwa ruhusa yake, nilimwita mama, naye akaniita mwanangu.

“Anza na mkate,” aliniambia. “Mkate ukiwa mbaya, mwanangu, hakuna sukari itakayoiponya kvasi.”

Anatumia Borodinsky, mkate mweusi mzito wenye mbegu za giligilani, unaookwa kwa unga wa rai na kimea chekundu cha rai. Kimea hicho ni nafaka iliyoachwa ichipue, ikawekwa siku kadhaa katika joto na unyevu, ndipo ikakaushwa. Humo ndimo unamotoka wekundu wake na harufu ya matunda makavu. Kabla ya kununua anasoma maandishi ya kwenye karatasi ya mkate. Uliotiwa dawa za kuzuia ukungu anaurudisha kwenye rafu, kwa kuwa mkate uliokusudiwa kuzuia viumbe visimee si rafiki wa mtu anayetaka vimee. Hahangaiki kuupata uliookwa vizuri. Hiyo ni neema ya kukaa mtaa wenye waokaji wanaoujua mkate mweusi.

Nusu kilo ya mkate hukatwa vipande na kukaushwa katika oveni mpaka vifikie rangi ya kahawa iliyokaangwa. Hapo ndipo mkono wa mtu hujulikana. Vikitolewa mapema, kvasi itapauka na kukosa harufu. Vikiungua, itakuwa chungu na hakuna cha kuirekebisha. Mama hatazami saa. Anasimama karibu na mlango wa oveni, ananusa, anangoja, ananusa tena, na kwa ghafla anaufungua. Vipande vinaingia katika sufuria kubwa, vinamiminiwa lita 5 za maji yaliyochemka, sufuria inafunikwa na kuachwa hadi asubuhi.

Maji nayo yana habari yake. New York hupata maji kutoka mabwawa ya milima ya Catskill na bonde la Mto Delaware, mengine yakisafiri kiasi cha kilomita 200, na sehemu kubwa ya safari hiyo ni mteremko bila pampu. Ni maji laini, yenye chokaa kidogo, na waokaji wa mji huu huyasifu kwa hilo. Hutiwa klorini ili yawe salama, lakini yakichemshwa vizuri klorini hutoka, na hivyo hayamdhuru yule kiumbe mdogo anayesubiriwa. Mwanamke aliyezaliwa kando ya Bahari Nyeusi anatengeneza kinywaji cha utoto wake kwa mvua iliyonyesha milimani Amerika, na kinatoka kama anavyokijua.

Asubuhi maji yamekolea uhudhurungi. Huchujwa kwa kitambaa chembamba, mkate ukiachwa udondoshe wenyewe, kwani ukikamuliwa kwa nguvu kvasi hubaki na tope. Hutiwa kikombe cha sukari na majani machache ya nanaa. Maji yakishakuwa vuguvugu tu huongezwa kijiko kidogo cha hamira au, kwa anayetengeneza mara kwa mara, mashapo ya kvasi iliyopita yaliyotunzwa katika friji. Mama anapendelea mashapo. Ndani yake mna jamii mbili zinazosaidiana: hamira inayotoa gesi na kileo kidogo, na bakteria wa laktiki wanaotoa asidi. Asidi ndiyo inayokipa kinywaji ukali wake wa kupendeza, na ndiyo inayowafukuza vijidudu waharibifu. Sukari ni chache na muda ni mfupi, basi kileo hakipati nafasi ya kupanda.

Sufuria hukaa karibu siku nzima. Povu jeupe likishafunika uso, kvasi hutiwa katika chupa, na kila chupa hupewa zabibu kavu chache ambazo hazijaoshwa, kwa kuwa ngozi zake hubeba chachu ya asili. Zabibu huzama kwanza. Gesi inapojishika kwenye mikunjo yake hupanda moja moja, na zote zikielea, kvasi iko tayari kuingia katika friji. Chupa ni za plastiki, zile za soda, zilizosafishwa vizuri. Plastiki hubonyezwa kwa kidole ikaeleza hali ya ndani. Ikiwa ngumu, gesi imetosha. Chupa ya kioo haitoi taarifa kabla ya kupasuka.

Mama aliniwekea glasi, akaketi mbele yangu, akanitazama usoni kuliko kuitazama glasi. Ukali ulitangulia, kisha utamu hafifu wa rai, kisha nanaa, na mwisho harufu ya mkate iliyobaki kinywani muda mrefu baada ya kumeza. Nje kulikuwa na joto la Julai lenye unyevu, lile linalowafanya watu wa New York wakimbilie pwani. Sijapata kunywa kitu kilichofaa zaidi kwa saa kama ile.

Siku za namna hiyo kvasi huwa pia mchuzi. Okroshka ni supu baridi: matango, figili, viazi na mayai ya kuchemsha, vitunguu vya majani, shibiti na nyama au soseji, vyote vikikatwa vipande vidogo, vikamiminiwa kvasi isiyo na sukari nyingi na kijiko cha krimu kali. Kwa asiyeizoea, supu yenye gesi inaweza kumshangaza. Kijiko cha pili humfahamisha kwa nini watu wa nchi zenye majira mafupi ya joto huisubiri mwaka mzima.

Uhuru wenye tarehe

Kuchachusha nyumbani Marekani hakukuwa huru siku zote. Nchi hii ilipiga marufuku pombe kuanzia 1920 hadi 1933, na hata baada ya marufuku kuondolewa, bia ya nyumbani ilibaki nje ya sheria ya taifa kwa miongo kadhaa. Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria inayomruhusu mtu mzima kutengeneza bia ya matumizi yake bila kulipa kodi: galoni 100 kwa mwaka, karibu lita 380, au galoni 200 kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi. Sheria hiyo haikuruhusu kupika pombe kali nyumbani. Wahamiaji wa Kisovieti wa miaka ile walikuwa ndio kwanza wanafungua masanduku yao. Walitoka katika nchi ambako serikali iliingilia mengi, wakafika ambapo pipa dogo jikoni lilikuwa limetoka tu kuachwa kwa mwenyewe.

Waliowafuata miaka ya baadaye waliijua tofauti hiyo kwa uchungu. Mei 1985 Mikhail Gorbachev alianzisha kampeni dhidi ya ulevi katika Umoja wa Kisovieti. Vodka ikapunguzwa madukani, mashamba ya mizabibu yakang’olewa, na watu wakageukia sukari na hamira majumbani mpaka sukari yenyewe ikaadimika na kugawiwa kwa kuponi. Chombo cha kazi kilikuwa chupa kubwa ya kioo ya lita 3, ile ile ya kuhifadhia matango. Mdomo wake ulivishwa glavu ya mpira. Gesi ikipanda, glavu husimama na vidole vyake vitano; mchachuko ukiisha, hulala. Watu wakaipa jina, “salamu kwa Gorbachev.” Waliohamia Brooklyn mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuja na ujuzi huo mikononi, na hapa wakautumia mchana kweupe.

Chupa kama hiyo iko juu ya kabati la mama wa Odessa, imefunikwa kwa shashi. Ndani yake unaelea uyoga wa chai, utando mnene wa hamira na bakteria unaoigeuza chai tamu kuwa kinywaji chenye ukali mwepesi. Katika nyumba za Kisovieti uyoga huu haukuuzwa dukani. Ulitoka kwa jirani, aliyeubandua tabaka moja na kukuletea katika bakuli, na wewe ukafanya vivyo hivyo kwa mwingine. Maduka ya Manhattan sasa yanauza kinywaji hicho hicho kwa jina la kombucha, chupa ndogo kwa bei kubwa. Brighton Beach bado mtu anaweza kuupata kwa kubisha hodi.

Asali ya New York

Cha tatu katika jiko lile ni medovukha, kinywaji cha asali. Nchini Urusi mji unaokijivunia zaidi ni Suzdal, mji mdogo wa makanisa ya kale mashariki ya Moscow, ambako msafiri hukutana nayo sokoni na mezani. Zamani kinywaji cha asali kilihitaji miaka. Asali ilichanganywa na maji ya matunda ya porini na kufungiwa ndani ya mapipa ikomae polepole, na ni wenye nafasi tu walioweza kusubiri hivyo. Medovukha ya leo ni njia fupi ya kufika karibu na pale. Asali hupikwa na maji, huongezwa maua ya hopsi na viungo kama karafuu na mdalasini, hutiwa hamira ikishapoa, na katika muda wa siku hadi majuma machache huwa inanyweka.

Asali yenyewe ni ya hapa hapa. Jimbo la New York hulima grechka, ile mbegu ndogo ya pembe tatu ambayo kwa Warusi na Waukraine ni chakula cha kila siku, na nyuki wanaolisha kwenye maua yake hutoa asali nyeusi yenye harufu nzito. Mama huinunua kwa wafugaji wa jimboni. Nilipomuuliza kama anatamani asali ya kwao, aliniambia nyuki wa huku wanajua kazi. Medovukha yake ilikuwa nzito kwa harufu, nyepesi kooni, na kila kilichomo, isipokuwa karafuu na mdalasini, kingeweza kutoka katika jimbo aliloishi zaidi ya nusu ya umri wake. Hapo nilielewa kwamba asili ya kinywaji haimo katika udongo wa nchi fulani. Imo katika mkono unaojua lini kutia, lini kungoja, na lini kuzuia.

Historia inalithibitisha hilo kwa mfano wa mbali. Harbin, kaskazini mashariki ya China, ulikua kutokana na Reli ya Mashariki ya China iliyojengwa na Warusi kuanzia mwaka 1898, na baada ya mapinduzi ya 1917 ulijaa wakimbizi wao. Kufikia miaka ya 1960 karibu wote walikuwa wameondoka, wakielekea Australia, Amerika na kwingineko. Kvasi haikuondoka nao. Wachina wa Harbin waliendelea kuitengeneza, na leo wanaihesabu kinywaji cha mji wao. Wageni wale walipokwenda zao, walikuwa wameshawafundisha wenyeji.

Watu wengi, pwani moja

Brighton Beach ya leo haina taifa moja. Utasikia Kirusi kikisemwa na Waukraine, Wageorgia, Wauzbeki, Watajiki na Wayahudi wa miji kumi tofauti. Mkate wa Kigeorgia unatoka katika tanuri ya udongo, pilau ya Tashkent inapakuliwa kwa mizani, na kvasi iko kila mahali, kwa kuwa haijawahi kuwa ya Urusi peke yake. Waukraine, Wabelarusi, Walithuania na Walatvia wote wana ya kwao. Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, baadhi ya maduka yameondoa jina la Urusi kwenye mabango yao. Mama wa Odessa ameishi maisha yake yote kwa lugha ya Kirusi, na mji wake wa kuzaliwa umepigwa kwa makombora ya Urusi. Uchungu huo ni wake kuusema. Nilichokiona ni meza yake, ambayo haikumuuliza mtu pasipoti.

Jioni mtaa mzima huhamia kwenye njia ya mbao kando ya bahari. Ilifunguliwa mwaka 1923, ina jina la Edward Riegelmann aliyekuwa mkuu wa Brooklyn, na inaendelea zaidi ya kilomita 4 hadi Coney Island, ambako gurudumu kubwa la Wonder Wheel linazunguka tangu 1920 na treni ya kutisha ya Cyclone inapiga kelele zake tangu 1927. Upande wa Brighton ni wa mabenchi. Wanaume wanacheza sataranji na domino, wajukuu wanafukuzana, wanawake waliovaa vizuri kwa ajili ya matembezi tu wanapita wameshikana mikono. Oktoba 2012 tufani ya Sandy iliingiza bahari madukani na katika vyumba vya chini, ikaacha mchanga barabarani. Maduka yalisafishwa, yakajazwa upya, na mabenchi yakakaliwa tena na watu wale wale.

Ukifika New York, tenga siku kati ya Juni na Septemba. Panda Q hadi Brighton Beach. Siku za kazi waweza kupanda B, ambayo mwisho wa safari yake ni hapo. Tembea barabara yote chini ya reli, nunua mkate mweusi na matango ya pipa, kisha uliza kwa heshima ni nani ana kvasi ya nyumbani. Katika baadhi ya migahawa wataileta katika jagi. Katika baadhi ya maduka watakuelekeza kwa mtu. Ukikosa, nunua pakiti ya unga wa mkate uliokaushwa na kimea, utaikuta karibu na rafu za chai, na ujaribu mwenyewe.

Na kwa Waswahili walioko Amerika na Ulaya, wanaolalamika kwamba togwa na mbege ya ndizi vimebaki nyumbani, Brighton Beach ina somo lisilohitaji nauli. Ulezi uko katika maduka ya Wahindi kwa jina la ragi; ulio mzima, usiosagwa, huota ukilowekwa na kufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu, na ukikaushwa ndio kimea. Ndizi ziko kila mahali. Maji yako bombani. Watu wa Odessa hawakungoja mtu awaletee kvasi ng’ambo ya bahari, na kwa sababu hawakungoja, mtaa wa kigeni umekuwa kwao. Loweka ulezi wiki hii, na ukiwa tayari, mwite jirani.